Kosa la Mfalme Oedipus: Historia ya Maneno ya Tanzia

Kila kazi ina maneno yake. Baharia ana tanga na foromali, seremala ana randa na patasi, hakimu ana shauri na hukumu. Asiyejua maneno ya kazi aweza kuitazama ikifanyika tangu asubuhi hata jioni, asijue kilichotendeka mbele ya macho yake. Masomo ya tamthilia nayo yana maneno yake. Mwanafunzi anayefungua tamthilia ya kale ya msiba, ile iitwayo tanzia, hukutana nayo mapema: mgeuko, utambuzi, utakaso, kinaya, kosa la mhusika mkuu. Wengi huyahifadhi kwa moyo kama majina ya miji ya mbali wasiyotarajia kuifikia, huyaandika katika karatasi ya mtihani, kisha huyaacha mlangoni watokapo.

Lakini maneno hayo hayakutungwa ili kuwataabisha wanafunzi. Yalizaliwa mahali panapojulikana, yakasafiri katika lugha nyingi, na katika safari hiyo mengine yalibadilika kama sarafu inavyochakaa kwa kupita mikononi mwa watu. Moja kati yao limebadilika hata limewafanya wasomaji wengi wamhukumu mtu kwa hatia asiyokuwa nayo. Neno hilo ni kosa. Katika insha hii tutayafuata maneno ya tanzia tangu chimbuko lake, na tamthilia moja itakuwa kielelezo chetu: Mfalme Oedipus, iliyotungwa na Sophocles wa Athens. Tumeichagua hiyo kwa kuwa ndiyo aliyoirejea mara nyingi mwanafalsafa aliyeyapanga maneno hayo kwanza.

Athens ni mji wa Ugiriki. Katika karne ya 5 kabla ya Kristo, miaka tunayoiandika kwa alama ya K.K., mji huo ulifanya sikukuu kubwa kila mwaka majira ya baridi yalipokwisha, kwa heshima ya Dionysus, mungu wao wa mvinyo. Katika sikukuu hiyo washairi watatu walishindana. Kila mmoja alileta tanzia tatu, na baada yake mchezo mmoja wa kuchekesha. Gharama za kundi la waimbaji zilibebwa na raia tajiri aliyeteuliwa na serikali, naye aliona fahari kuzibeba. Waamuzi walichaguliwa kwa kura, ili asiwepo mtu wa kuwahonga mapema. Twaona basi kwamba tanzia haikuwa burudani ya watu wachache waliojifungia chumbani. Ilikuwa shughuli ya mji mzima, mchana, mbele ya maelfu ya watu walioketi kwenye mteremko wa kilima.

Maneno ya kwanza ya fani yalikuwa maneno mepesi ya mahali na kazi. Mteremko walioketi watazamaji uliitwa theatron, maana yake mahali pa kutazamia. Uwanja wa duara uliokuwa chini yake uliitwa orkestra, mahali pa kuchezea ngoma, kwa sababu hapo ndipo kundi la waimbaji lilipocheza na kuimba. Nyuma ya uwanja palikuwa na kibanda ambamo waigizaji walibadilisha mavazi, nacho kiliitwa skene, yaani hema. Waingereza hata leo hutumia neno lililotoka katika hema hilo kwa sehemu ya mchezo ambayo sisi twaiita onyesho. Mchezo wenyewe uliitwa drama, neno lililotoka katika kitenzi cha kutenda. Ndiyo maana msomaji wa tamthilia yampasa aulize kwanza watu wanatenda nini, kabla ya kuuliza wanasema nini.

Jina la tanzia kwa Kigiriki ni tragodia, na maana yake ni wimbo wa mbuzi. Wako wataalamu wanaosema kwamba mbuzi alikuwa zawadi ya mshindi, na wako wanaosema kwamba alichinjwa kuwa sadaka. Wote wakubaliana kwamba wimbo ulitangulia maneno ya kuigiza. Hapo mwanzo lilikuwapo kundi likiimba, kisha akatokea mtu mmoja akasimama kando akajibizana nalo. Mshairi Aeschylus aliongeza mwigizaji wa pili, na Sophocles akaongeza wa tatu. Watatu hao, wanaume wote, wakivaa vinyago vya uso, waligawana sehemu zote za mchezo, wafalme kwa malkia, wazee kwa wajumbe. Yule mwenye sehemu kubwa aliitwa protagonistes, mshindani wa kwanza, na kutoka kwake twapata fikira ya mhusika mkuu.

Mwigizaji kwa jumla aliitwa hupokrites, na wengi hulieleza neno hilo kuwa mwenye kujibu, kwa kuwa alijibu wimbo wa kundi. Kwa Waathens halikuwa tusi. Miaka mia kadhaa baadaye Injili zilipoandikwa kwa Kigiriki, neno lilo hilo lilitumiwa kwa mtu anayeonyesha uso usio wake, na katika Biblia ya Kiswahili twalisoma kuwa mnafiki. Mwanafunzi na aliweke neno hili akilini, maana tutaona jingine lililopita njia hiyo hiyo, nalo likaleta madhara zaidi.

Tamthilia nayo iligawanywa kwa namna iliyofuata nyayo za waimbaji. Sehemu iliyotangulia kuingia kwao ni utangulizi. Wimbo walioingia nao ni wimbo wa kuingia. Baada yake hufuata maonyesho ya mazungumzo, na baina ya onyesho na onyesho kundi huimba likiwa limesimama mahali pake uwanjani. Sehemu ya mwisho, baada ya wimbo wa mwisho, ni ya kutokea. Kwa Sophocles kundi lilikuwa la watu 15. Kazi yao haikuwa kupumzisha watazamaji. Wao ni wazee wa mji au wanawake wa mji, huogopa, huomba, hushauri, na mara nyingi hukosea. Ni sauti ya watu wa kawaida wanaoona mambo makubwa yakiwapita.

Sophocles alizaliwa karibu na mwaka wa 496 K.K. akafa mwaka wa 406 K.K. Yasemwa kwamba alitunga tamthilia zaidi ya 120, na zilizotufikia zikiwa kamili ni 7 tu. Hakuwa mtu wa vitabu peke yake. Mwaka wa 441 K.K. alichaguliwa kuwa mmoja wa majemadari 10 wa Athens, pamoja na Pericles aliyekuwa kiongozi mkuu wa mji. Mwaka wa 431 K.K. vita vilianza kati ya Athens na Sparta, na mwaka uliofuata tauni iliuingia mji uliojaa wakimbizi. Mwanahistoria Thucydides, ambaye aliugua akapona, ameeleza jinsi maiti zilivyolala juu ya maiti, na jinsi waganga walivyokufa kwanza kwa kuwa ndio waliowakaribia wagonjwa. Pericles mwenyewe alifariki mwaka wa 429 K.K. Mwaka ambao Mfalme Oedipus ilichezwa haukuandikwa, lakini wataalamu wengi huuweka karibu na tauni hiyo, kwa sababu tamthilia yenyewe yaanza na mji unaokufa kwa maradhi.

Mji huo ni Thebes. Watu wamekusanyika mbele ya nyumba ya mfalme wao Oedipus kumwomba awaokoe, kama alivyowaokoa zamani alipokitegua kitendawili cha dubwana lililokuwa likiwala. Mfalme amekwisha kumtuma shemeji yake Creon kuuliza kwa mungu huko Delphi. Jibu laja: mwuaji wa Laius, mfalme wa zamani, yumo nchini, naye sharti atolewe. Oedipus anamlaani mwuaji huyo hadharani na kuapa kumtafuta kana kwamba Laius alikuwa baba yake mzazi.

Watazamaji wa Athens walikijua kisa tangu utoto wao. Walijua kwamba Laius alitabiriwa kuuawa na mwanawe, akamtoboa mtoto miguu na kuamuru atupwe mlimani. Kwamba mchungaji aliyepewa kazi hiyo alimhurumia mtoto akampa mchungaji wa Corinth. Kwamba mtoto alilelewa na mfalme wa Corinth kama mwana wake. Na kwamba alipokua akaambiwa na Delphi kuwa atamwua baba yake na kumwoa mama yake, alikimbia Corinth ili asiwadhuru wale aliowadhani wazazi wake. Njiani, mahali zikutanapo njia tatu, alimwua mzee aliyempiga. Mzee huyo alikuwa Laius. Basi mfalme anapomlaani mwuaji, kila mtu mlimani anajua kwamba anajilaani mwenyewe, naye peke yake hajui. Hali hii twaiita kinaya: maneno ya msemaji yana maana moja kwake na nyingine kwa wasikiaji. Waathens hawakuliita jambo hilo kwa jina hilo. Kwao neno lililozaa jina la kinaya katika lugha za Ulaya lilikuwa kujifanya hujui, tabia iliyosifika kwa mwanafalsafa Socrates. Aliyelieneza neno hilo kwa kusomea Sophocles ni Mwingereza Connop Thirlwall, katika insha ya mwaka wa 1833.

Sasa twamfikia aliyeyapanga maneno. Aristotle alizaliwa mwaka wa 384 K.K., zaidi ya miaka 20 baada ya kufa kwa Sophocles, akasoma Athens chini ya Plato. Plato alikuwa ameandika kwamba katika mji uliotawaliwa vema washairi wa namna hii wasiruhusiwe, kwa sababu wanalisha machozi na woga ambao mtu mzima yampasa kuutawala. Hilo lilikuwa shtaka, na kitabu kidogo cha Aristotle juu ya ushairi chaweza kusomwa kama utetezi. Hakusema kwamba tanzia haiamshi hisia. Alisema kwamba yaamsha mbili hasa, huruma na hofu, na kwamba kwa njia ya hizo yaleta katharsis ya hisia za namna hiyo. Neno hilo lilitumiwa na waganga kwa kuharisha mwili ili utoke uchafu, na lilitumiwa na makuhani kwa kumtakasa mtu aliyenajisika. Aristotle hakulifafanua, na wasomi wamebishana juu yake kwa karne nyingi. Sisi twalitafsiri utakaso. Awaye yote aliyewahi kulia msibani, kisha akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja, anayo njia ya kuanza kulielewa.

Ili huruma na hofu ziamke, asema Aristotle, matukio yapaswa kufuatana kwa sababu, si kwa bahati tu. Mpango huo wa matukio ndio msuko, nao kwake ndio roho ya tanzia. Ndani ya msuko bora mna mambo mawili. La kwanza ni mgeuko, ambapo tendo huzaa kinyume cha lililokusudiwa. Mfano wake autoa katika Oedipus: mjumbe anakuja kutoka Corinth kumwambia mfalme kwamba yule aliyemdhani baba yake amekufa, na ili kumwondolea hofu kabisa anamwambia kwamba hakuwa baba yake hata hivyo. Alikuja kumfariji, kumbe amemfungulia mlango wa maangamizi. La pili ni utambuzi, mtu kupita kutoka kutojua hata kujua. Katika tamthilia hii mgeuko na utambuzi huja pamoja, na kwa sababu hiyo Aristotle aliusifu utambuzi wake kuliko mwingine. Malkia Jocasta, aliyeelewa kabla ya mumewe, anajinyonga. Oedipus anachomoa vipini vya vazi la malkia na kujitoboa macho.

Ni mtu wa namna gani basi anayefaa kuangukiwa na mambo hayo? Aristotle ajibu kwa kupima. Mtu mwema kabisa akianguka, twachukizwa. Mtu mwovu akianguka, twaona haki imetendeka, wala hatumhurumii. Huruma ni kwa asiyestahili msiba, na hofu ni kwa aliye kama sisi. Kwa hiyo abaki mtu wa katikati, mwenye jina na bahati kubwa, ambaye haanguki kwa uovu bali kwa hamartia. Na miongoni mwa mifano yake, amtaja Oedipus.

Hapa ndipo penye neno letu. Hamartia yatoka katika kitenzi ambacho katika tenzi za kale za Kigiriki chatumika kwa askari anayerusha mkuki na kukosa shabaha. Mkono umeinuka, jicho limelenga, nia ipo, lakini mkuki umepita kando. Kutoka hapo likaja kuwa na maana ya kukosea kwa kutojua. Lugha yetu imepita njia iyo hiyo bila kufundishwa na Mgiriki. Twasema mwindaji amekosa ndege, na twasema mtoto amekosa adabu, na twasema mtu amemkosea jirani yake, na kila mara kitenzi ni kimoja. Kosa kwa Kiswahili laweza kuwa la mkono, la akili au la moyo. Msomaji wa Kiswahili anayo tayari kinywani mwake tafsiri ambayo mataifa mengine yameitafuta kwa taabu.

Walakini hamartia ilisafiri. Wayahudi walioyatafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, na baada yao waandishi wa Agano Jipya, walilitumia neno hilo kwa uasi wa mwanadamu mbele ya Mungu, na katika Biblia yetu latafsiriwa dhambi. Kwa maandiko hayo tafsiri hiyo ni sawa. Lakini wasomaji wa Ulaya waliolelewa na Biblia walirudi kwa Aristotle na maana hiyo mikononi, wakamtafutia Oedipus dhambi. Baadaye, hasa wakati ambapo walimu wa Shakespeare walitilia mkazo tabia za wahusika kuliko jambo jingine, dhambi ikawa kasoro ya tabia. Kukazuka desturi ya kufundisha kwamba kila mhusika wa tanzia ana ufa ndani yake, kama chungu, na kwamba msiba wake ni malipo ya ufa huo. Oedipus akapewa kiburi na hasira, kesi ikafungwa.

Mwaka wa 1966 E. R. Dodds, profesa wa Kigiriki aliyefundisha Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha insha juu ya majibu ya mtihani aliyoyasahihisha. Alikuwa amewauliza vijana kama tamthilia hii inajaribu kutetea njia za miungu kwa wanadamu. Kundi moja lilijibu kwamba Oedipus alilipwa kwa makosa yake. Kundi jingine lilijibu kwamba yeye ni kikaragosi tu anayevutwa kwa kamba na ajali. La tatu lilisema kwamba mtunzi alitaka kusisimua tu. Dodds aliona kwamba majibu hayo yote yamepotoka. Yafaa wanafunzi wetu wajue kwamba makosa haya si ya wasomaji wanaoanza peke yao.

Hoja ya kuwajibu wa kwanza ni rahisi, na yeyote aliyesoma tamthilia aweza kuihakiki. Ni kweli kwamba Oedipus ana hasira. Anamtukana mwaguzi Tiresias, anamshuku Creon bila ushahidi. Lakini wakati huo Laius amekwisha kufa miaka mingi, na ndoa na malkia imekwisha kuzaa watoto wanne. Tendo la leo haliwezi kuwa chanzo cha jambo la jana. Na ule usemi kwamba aliadhibiwa kwa hubris wahitaji tahadhari. Kwa Waathens hubris haikuwa kujivuna moyoni. Ilikuwa ufidhuli wa kitendo, kumdhalilisha mtu kwa makusudi, na sheria yao ilimruhusu raia yeyote kumshtaki mwenye kuutenda.

Sheria hiyo ya Athens ndiyo shahidi wetu bora. Tangu siku za Draco, katika karne ya 7 K.K., Waathens walitenga kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na mwaka wa 409 K.K. waliichonga upya sheria hiyo katika jiwe ambalo sehemu yake ipo hata leo. Makesi hayo yalisikilizwa mahali mbalimbali. Wakati huo huo waliamini kwamba damu iliyomwagwa huleta najisi, na najisi haiulizi nia. Mtu aweza kuwa hana hatia, na bado mji usiweze kukaa naye. Hiyo ndiyo njia panda aliyosimamishwa Oedipus. Mbele ya sheria hakujua. Mbele ya jamaa zake amefanya lisilofutika. Watazamaji wale, ambao wengi wao walipata kuketi barazani kama wazee wa mahakama, waliielewa tofauti hiyo.

Sophocles mwenyewe alilirudia swali hilo katika uzee wake. Karibu na miaka 90 alitunga tamthilia nyingine, Oedipus huko Colonus, ambayo mjukuu wake aliionyesha mwaka wa 401 K.K. mshairi akiwa amekwisha kufa. Humo Oedipus, kipofu na mzee, anawaeleza wenyeji kwamba alitenda bila kujua, na kwamba mbele ya sheria yeye ni safi. Hakuna aliyepata kumtetea vizuri zaidi.

Na wale wa kikaragosi? Wako katika Kiswahili wasemao kwamba liandikwalo ndilo liwalo, na kuhusu kuuawa kwa Laius tamthilia haiwapingi. Lakini hakuna mungu aliyemwamuru Oedipus autafute ukweli hata mwisho. Tiresias alimsihi aache. Jocasta alimsihi aache. Mchungaji mzee, yule yule aliyemhurumia mtoto zamani, alimsihi aache. Angeweza kusikia, akabaki mfalme juu ya mji wa wagonjwa. Aliendelea kwa hiari yake, kwa sababu watu wake walikuwa wakifa na alikuwa ameahidi. Kosa lake lilikuwa la kutojua, na ukuu wake ulikuwa kukataa kubaki katika kutojua. Anayemwita mtu mwenye kiburi aliyelipwa amepoteza yote mawili.

Yabaki kueleza jinsi maneno haya yalivyotukaribia sisi. Kitabu cha Aristotle kilitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad na Abu Bishr Matta, aliyefariki mwaka wa 940. Katika karne ya 12 Ibn Rushd wa Cordoba alikiandikia ufafanuzi. Kwa kuwa Waarabu hawakuwa na mchezo wa namna ile, alieleza tragodia kuwa tungo za kusifu, na mchezo wa kuchekesha kuwa tungo za kukashifu. Ufafanuzi wake ulitafsiriwa kwa Kilatini mwaka wa 1256, na wasomi wengi wa Ulaya wakaijua tanzia kwanza kwa njia hiyo. Hata mtu mwenye akili kubwa aweza kupotea palipo na neno na hapana kitu.

Neno letu tanzia latoka Kiarabu, katika neno la kuwafariji wafiwa, na huko Irani neno lilo hilo ndilo jina la maigizo ya kumwombolezea Hussein bin Ali aliyeuawa Karbala mwaka wa 680. Kwa Waswahili tanzia ilikuwa kwanza taarifa ya kifo. Walipotafuta jina la mchezo wa msiba, hawakusema juu ya mbuzi. Walichukua neno la mlango wa aliyefiwa. Julius Nyerere aliitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikachapishwa mwaka wa 1963. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka wa 1968, na mwaka wa 1971 akatoa Mfalme Edipode, ambayo ndiyo tamthilia hii tuliyoizungumza. Naye Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile mwaka wa 1969, juu ya kiongozi wa vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka wa 1905. Humo mtu awapa watu wake neno la kuwaunganisha, na neno hilo lawapeleka mbele ya bunduki. Mwanafunzi anayeisoma na ajiulize: je, huyu ni mwovu, ana kasoro, au mkuki wake ulikosa shabaha? Jibu litabadilisha kila ukurasa.

Basi maneno ya tanzia yatumiwe kama vyombo vya kazi. Ukiliona tendo, uliza lilikusudia nini na limezaa nini. Hapo ndipo penye mgeuko. Ukimwona mtu anajua asichokijua jana, tazama amejuaje na kwa gharama gani. Huo ndio utambuzi. Ukisikia neno lenye maana mbili, uliza nani anajua na nani hajui. Hicho ndicho kinaya. Na ukifika penye kosa, usiharakishe kusema kiburi. Pima kwanza alijua nini siku alipotenda, kisha useme.

Upimaji huo haukomi darasani. Kila siku watu huanguka, na jirani huuliza walifanya dhambi gani. Ukame humfilisi mkulima hodari, na maradhi humwua mganga aliyewahudumia wagonjwa. Asiye na neno jingine ila hatia atampa kila mwenye msiba hatia. Waathens, tauni ikiwa imewapunguza, waliketi juu ya kilima chao kumtazama mfalme mwema akiangamia bila kukusudia uovu, wakamlilia, na pengine wakajililia wenyewe. Mtu aliyejifunza kutenga kosa na uovu amejifunza nusu ya haki, na nusu iliyobaki ni huruma.